Tume ya Kifo cha Ulimwengu wa Kale

Nchi yenyewe ipo, ila ni vizuri usiulize iko wapi. Kwenye ramani imepakwa rangi ya waridi iliyofifia, na mgeni anayetaka kuizuru hujazishwa kwanza fomu ya kueleza kwa nini hakuizuru mwaka uliopita. Ni nchi ya amani, ina wizara thelathini na tisa, na mpaka wakati wa habari hizi haikuwa na tatizo hata moja lililotambuliwa rasmi.

Fahari yake kubwa ni magofu ya Nguzo Mia. Huo ndio uliokuwa mji wa mwisho wa wale Wakale ambao dunia nzima inawasifia: watu waliojenga kwa marumaru, wakaoga pamoja bila kuoneana haya, wakabishana sokoni juu ya maana ya wema, kisha wakatoweka na kuacha masanamu yasiyo na mikono. Katika nguzo hizo mia, zilizosimama ni sita, na ya sita imefungwa waya.

Mtu pekee aliyeweza kusoma maandishi ya Wakale alikuwa Shebe Lukindo, Msomaji Mkuu wa Mawe, mwenye umri wa miaka hamsini na sita na tai moja. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi za jumba la makumbusho, na kila waziri alipopanda kwenda juu, vumbi lilimshukia Lukindo kichwani. Hakulalamika. Alikuwa na mawe yake, na alikuwa na binti yake Zamda, aliyekuwa akimfundisha kazi.

Wasomaji wa mawe walikuwa na desturi yao. Mwanafunzi husoma kwanza mawe mia mbili na kumi. La mwisho, jiwe la Kalisto kule Nguzo Mia, hufunikwa shuka jeupe, na haruhusiwi hata kulichungulia. Siku akiwa tayari, shuka hutolewa, naye hulisoma peke yake kwa sauti, mwalimu akiwa kimya kabisa. Akimaliza, amekuwa msomaji. Lukindo alilisoma mbele ya marehemu Bi. Mwanakombo akiwa kijana wa miaka ishirini na minne, na alilia hata akaurudia mstari wa nne mara tatu. Sasa Zamda alikuwa amefika jiwe la mia mbili na nne. Baba yake aliingoja siku ya binti yake kwa hamu ambayo wanaume wengine huwa nayo kwa harusi za mabinti zao.

Halafu ndipo Rais akaenda ng'ambo akaalikwa chakula.

Mezani, mama mmoja aliyevaa lulu alimuuliza kwa upole kabisa: kwa kuwa mji wa mwisho wa Wakale uko nchini kwako, unadhani ni nini hasa kilichouua ulimwengu ule? Rais hakuwa amejiandaa. Akajibu kama alivyozoea kujibu kila kitu, kwamba suala hilo serikali inalishughulikia. Kwa hiyo ilibidi lishughulikiwe, na kabla ndege yake haijatua, Tume ya Kitaifa ya Kuchunguza Kifo cha Ulimwengu wa Kale ilikuwa imekwisha kula kiapo chini ya uenyekiti wa Mheshimiwa Dakta Ngwalida Mpululu, Waziri wa Mambo Yaliyopita.

Mwanzoni kila wizara ilitaka kifo kile kiwe chake. Wizara ya Ulinzi ilisema Wakale waliuawa na washenzi waliokuja na farasi, ikaleta na farasi wa mfano. Wizara ya Afya ikasema la, ni tauni, na panya ilikuwa nao. Kilimo walidai udongo ulichoka. Maadili wakasema mabafu, na wakaomba waruhusiwe kuonyesha picha. Wizara ya Barabara ndiyo iliyosikilizwa kwa makini zaidi: ilieleza kwamba barabara za Wakale zilikuwa nzuri mno, na adui akazitumia kuja haraka, na kwamba wizara imejifunza kutokana na kosa hilo. Hakuna mjumbe aliyeweza kusema kwamba haijajifunza.

Ilionekana ni heshima kubwa kuwa wizara yenye nguvu za kuua ulimwengu mzima. Waziri wa Ulinzi na wa Afya walishikana mashati kwenye korido, na panya mmoja alipotea katika vurugu hizo na hajaonekana hadi leo.

Ndipo ukaja waraka kutoka Ikulu, mistari miwili tu. Ulisema kwamba wizara itakayobainika kuhusika na chanzo cha kifo itaitwa bungeni ieleze imechukua hatua gani ili jambo kama hilo lisitokee tena.

Waraka ulifika saa tatu asubuhi. Ilipofika saa sita, Ulinzi ilikuwa imegundua kwamba wale washenzi walikuwa watalii walioeleweka vibaya. Afya ikasema haikuwa tauni, yalikuwa mafua ya kawaida, na wengi walipona. Kilimo wakaandika kwamba udongo ulikuwa mzuri kupita kiasi. Maadili wakasifu usafi wa Wakale na kuomba warudishiwe picha zao. Tume ikabaki na maiti kubwa ya kihistoria isiyokuwa na muuaji, na siku ya kutoa taarifa ilikuwa imekaribia.

Katibu wa Tume, Bwana Fikirini Tosha, mtu mpole aliyezungumza polepole kana kwamba anamvisha mtoto soksi, ndiye aliyekumbuka kwamba chini ya ngazi kuna mzee anayeweza kuwauliza marehemu wenyewe. Lukindo akaandikiwa barua. Katika miaka thelathini na miwili ya kazi, ilikuwa mara ya kwanza serikali kumuuliza kitu.

Alifurahi hata akainyoosha tai kwa pasi. Alinakili jiwe la Kalisto kwenye karatasi safi, akaificha ili Zamda asiione kabla ya siku yake. Zamda, binti wa miaka ishirini na mitatu asiyependa maneno mengi, alimsindikiza mpaka mlangoni.

"Wasomee lote, baba," alimwambia. "Usiruke mstari hata mmoja."

Lukindo alimwahidi, na kwa haki ya Mungu siku ile alitimiza. Alisimama mbele ya wajumbe, kila mmoja akiwa na chupa yake ya maji kutoka ng'ambo, akasoma mistari ya Kalisto yote tisa, mmoja baada ya mwingine, bila kupamba wala kupunguza:

*Mimi ni Kalisto mwana wa Andriko, mkaguzi wa mfereji wa maji wa mji huu.*
*Mfereji umepasuka huko mlimani, huu ni mwaka wa tisa.*
*Aliyenitangulia aliona, akaandika: maji yanapita vizuri.*
*Mimi nami niliona, nikaandika kama yeye, kwa kuwa jioni ile palikuwa na karamu na sikutaka kuiharibu.*
*Mabafu yalipokauka tulisema ni kiangazi. Watu walipohama tulisema wamekwenda kutembea.*
*Hakuja adui yeyote. Tulimngoja aje tumsingizie, hakuja.*
*Sasa tumebaki watu arobaini, na hakuna tena wa kuandikiwa taarifa, ndiyo maana naandika kweli.*
*Naona haya.*
*Utakayesoma, lijue jina langu.*

Chini yake lilikuwa jina, limechongwa kwa kina kuliko maneno mengine yote.

Unapaswa kujua kwamba katika mji mkuu wa nchi hiyo mabomba yalikuwa hayajatoa maji kwa miaka mitatu, na kwamba kila mwisho wa mwezi Wizara ya Maji iliandika kuwa maji yanapita vizuri. Wajumbe walianza kuzishusha chupa zao chini ya meza, moja moja. Waziri wa Maji aliomba ruhusa atoke akapokee simu, ingawa simu zote zilikuwa zimeachwa mlangoni.

Mwenyekiti Mpululu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Waheshimiwa, tumemsikia marehemu," alisema. "Tunamheshimu sana marehemu. Lakini tujiulize kama watu wazima: marehemu alikuwa nani? Mkaguzi wa mfereji, mtumishi wa daraja la tatu. Je, inaingia akilini ulimwengu mzima, wenye wanafalsafa na majemadari, ukafa kwa sababu mtumishi wa daraja la tatu alijaza fomu vibaya? Na kama ungekufa kwa sababu hiyo, waheshimiwa, sisi hapa tungekuwa hai?"

Wajumbe waligonga meza kumuunga mkono. Hoja zikafuata kwa kasi. Mmoja alibaini kwamba jiwe halina muhuri, hivyo ni rasimu. Mwingine alisema "naona haya" si lugha ya kiserikali. Hatimaye walikubaliana kwamba Wakale waliuawa na maadui kutoka nje ambao majina yao yamehifadhiwa kwa sababu za usalama. Sababu hiyo ilipendwa na wote, kwa kuwa haikugusa wizara yoyote. Kwa kuwa jiwe lilikuwa likisema kinyume, na kwa kuwa wageni wasomi wangeweza kuja siku moja wakaona, Tume ikaazimia kwamba jiwe lioanishwe na taarifa. Kazi hiyo ifanywe na Bwana Lukindo, kwani ndiye anayezijua herufi.

Hakuna aliyemtisha. Hilo lazima lisemwe wazi, maana Lukindo mwenyewe baadaye alitamani sana wangemtisha, walau apate cha kujitetea nacho. Hakuonyeshwa bunduki, hakutajiwa jela, hakuambiwa lolote kuhusu familia yake. Ila katika nchi hiyo kuna utaratibu wa kushukuru mapema. Mtu akipewa kazi, kwanza hushukuriwa kwa kuikamilisha, shukrani huingizwa kwenye kumbukumbu za kikao, na kumbukumbu zikishasomwa hazisahihishwi tena. Aliyekwisha kushukuriwa akikataa, huwa amekifanya kikao kizima kiseme uongo, na nani angekuwa na ukosefu wa adabu kiasi hicho?

"Mwalimu, ni kazi ya asubuhi moja tu," Tosha alimnong'oneza, akimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Na Mheshimiwa amekwisha kukushukuru."

Mawaziri walimgeukia wote wakamtabasamia. Katika maisha yake hakuna waziri aliyewahi kumtabasamia. Lukindo alifungua kinywa ili akatae. Maneno alikuwa nayo, yalikuwa tayari kwenye ulimi. Akajisikia akisema, "Nashukuru sana, Mheshimiwa," na jambo likawa limekwisha.

Nakala yake ya karatasi ilichukuliwa kama kielelezo, ikahifadhiwa mahali salama sana, pale ambapo katika nchi hiyo vitu huhifadhiwa na havionekani tena.

Jumatano asubuhi, baada ya chai, alipelekwa Nguzo Mia kwa gari la serikali. Tosha alikaa pembeni kwenye kiti cha kukunja, na mwavuli. Lukindo alilivua jiwe lile shuka, akachukua tindo na nyundo. Alikuwa amejipa moyo njia nzima kwamba marumaru itakuwa ngumu, mkono wake utashindwa, na yeye atarudi nyumbani akililaumu jiwe. Kumbe marumaru ya zamani ni laini. Ilikatika kama sabuni.

Alianzia kwenye mstari wa nane, ule mfupi, kwa kuwa ndio uliomtazama zaidi. Kuufuta kulichukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Akafuta wa tisa, kisha akapanda mmoja mmoja mpaka juu. Vumbi jeupe lilimjaa mikononi na kwenye ile tai, naye aliendelea, na kwa aibu yake alijikuta akifanya kazi nzuri, akilisawazisha jiwe vizuri, akipima nafasi za herufi mpya. Maadui kutoka nje walikuja wengi. Walikuja kwa hila. Mji ulikuwa na kila kitu. Viongozi walifanya wajibu wao. Alichonga yote.

Lilipobaki jina, aliweka tindo juu yake alifute. Aliona angalau amwondolee Kalisto fedheha ya kuweka sahihi kwenye uongo wa mtu mwingine. Hapo Tosha akakohoa kidogo kwenye kiti chake.

"Jina liache, mwalimu. Linaleta uhalisi."

"Lakini huyu hakusema haya."

"Ndiyo maana jina linahitajika," alisema Tosha kwa upole ule ule.

Lukindo aliliacha. Mtu aliyekaa miaka elfu moja na mia tano akiungama kosa lake mbele ya kila apitaye sasa alikuwa shahidi wa uongo, na aliyemfanya hivyo alikuwa ndiye mtu pekee duniani aliyempenda. Lukindo alikwenda kwenye bomba la bustani anawe mikono. Halikuwa na maji, akajipangusa kwenye suruali. Vitabu vya shule vya nchi hiyo vinasema ulimwengu wa Wakale ulikufa zamani sana, na wanafunzi huulizwa tarehe kwenye mtihani. Lukindo aliijua tarehe, na saa pia.

Taarifa ilizinduliwa kwa ngoma na hotuba. Rais alimpelekea nakala yule mama wa lulu. Waziri wa Maji alitoa neno refu la kuwalaani maadui, akapigiwa makofi kuliko wote. Lukindo alikalishwa safu ya mbele, akapewa cheti, na kila aliyempa mkono siku ile alimpa kwa bashasha. Alirudi nyumbani akakitia cheti chini ya godoro, upande wa ukutani. Zamda alimuuliza kama aliwasomea lote. Alijibu kwamba alisoma lote, na kwa upande wa kikao kile ilikuwa kweli, jambo lililomchoma zaidi.

Toka hapo kazi yake ikawa kumchelewesha binti yake. Zamda alipomaliza jiwe la mia mbili na tano, alimwambia alirudie. Alipomaliza la mia mbili na saba, baba aligundua kwamba matamshi yake ya jiwe la thelathini na moja hayaridhishi. Aliugua mgongo, kisha jino, kisha mgongo tena. Binti hakuteta. Alirudia, akarekebisha, akamchemshia baba yake dawa, akasonga mbele. Kila asubuhi wakinywa uji Lukindo alijikaza amwambie, na kila asubuhi aliishia kumuuliza kama sukari inatosha. Miezi minne ilipita hivyo, mpaka mawe yakamwishia.

Walikwenda Nguzo Mia wawili peke yao, kama desturi inavyotaka. Zamda alivaa kanga mpya. Mlinzi aliwafungulia lango akaenda zake kunywa chai. Lukindo alilitoa shuka, akarudi nyuma hatua tatu na kukaa kimya.

Zamda alisoma vizuri. Mungu wangu, alisoma vizuri kuliko baba yake alivyosoma enzi zake, kwa sauti tulivu isiyotafuta makofi. Alisoma maadui, akasoma hila, akasoma mji uliokuwa na kila kitu. Katika mstari wa tano sauti ilianza kupungua mwendo. Ipo herufi moja ya Wakale inayofanana na jembe lililolazwa chini. Wakale wote walilichonga jembe hilo mpini ukiwa umenyooka. Lukindo peke yake, tangu ujana wake, alikuwa na tabia ya kuupinda mpini juu kidogo mwishoni, na mawe mia mbili na kumi hayakuweza kumwachisha. Zamda alijifunzia herufi hizo kwenye daftari la baba yake akiwa na miaka saba.

Aliweka kidole kwenye herufi ile, akakiacha pale kwa muda. Kisha akakisogeza mpaka kwenye jembe la pili, na la tatu.

"Baba," alisema bila kugeuka.

Desturi humtaka mwalimu anyamaze mpaka usomaji uishe. Lukindo alijificha nyuma ya desturi hiyo kwa shukrani kubwa, na papo hapo akajichukia kwa kushukuru. Zamda alingoja. Alipoona hajibiwi, alimalizia mistari iliyobaki, akasoma na jina, akageuka.

"Palikuwa pameandikwa nini hapa?"

Hapakuwa na mtu. Tosha alikuwa mjini, mlinzi yuko kwenye chai, mawaziri wote thelathini na tisa wako mbali. Mistari tisa Lukindo aliijua kwa moyo, na kuisema yote kusingemchukua dakika moja. Hakukuwa na mtu mwingine aliye hai aliyeijua. Aliona kwamba akiisema, itabidi aseme pia ni nani aliyeifuta, na ni kwa sababu gani, na kwamba sababu yenyewe ilikuwa kutabasamiwa. Alimtazama mwanawe, akatazama chini.

"Ni hivyo hivyo," alisema. "Umesoma vizuri, mwanangu."

Akafungua mkoba, akatoa daftari la wasomaji, kwa kuwa ndilo lililofuata. Ni daftari la ngozi, kuukuu, na ndani yake kila aliyewahi kulisoma jiwe la Kalisto ameandika kwa mkono wake kwamba amelisoma na kwamba liko kama lilivyoachwa na mwenyewe. Walikuwa wasomaji kumi na tisa. Mwandiko wa Bi. Mwanakombo ulikuwa wa kumi na nane, na chini yake wa kijana Lukindo, wino umechuruzika mahali machozi yalipodondokea.

Zamda aliisoma yote. Alishika kalamu, ikabaki hewani.

"Niandike nini, baba?"

Ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na Lukindo alilijua hilo.

"Andika kama walivyoandika wenzako."

Binti alimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulibeba. Aliinama, akaandika kwa mwandiko safi kwamba amelisoma jiwe na kwamba liko kama lilivyoachwa na mwenyewe, akatia jina lake. Alifanya vile kwa kumstahi baba yake, asimwaibishe. Kisha akamrudishia kalamu kwa mikono miwili, kama inavyopasa kumpa mkubwa, huku ameinamisha macho ili asimwone usoni.